Shairi Lisilokuwamo Kitabuni

Mimi sipendi riwaya zinazomuua mzee ukurasa wa mwisho. Naona ni uvivu. Mwandishi kashindwa kumaliza hadithi yake, anamtafuta mhusika mwenye mvi, anampiga kwa homa ya mapafu, wasomaji wanalia, kitabu kinasifiwa. Kuua mtu kwa kalamu hata mtoto wa darasa la nne anaweza. Kazi ni kumwacha hai na bado watu waendelee kusoma.

Hayo ni maoni yangu, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Aliyekuwa akiulizwa maoni nyumbani kwetu ni baba. Mimi nilikuwa macho yake tu.

Baba alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na mitatu. Aliandika hukumu za watu wengine, kosa la huyu, kifungo cha yule, mpaka akastaafu bila yeye mwenyewe kuhukumu hata kuku. Halafu presha ya macho ikamla jicho la kushoto, ikahamia la kulia, na sasa ni mwaka wa tano haoni hata kiganja chake. Mama alishatangulia. Kaka yangu anaishi mji mwingine, mwendo wa saa tisa kwa basi, ana mke, watoto na duka la vipuri. Nani abaki na baba? Mimi sikuwa na mume wala mtoto, nilikuwa na kazi tu, na kazi ya mwanamke asiye na mume kila mtu huiona kitu cha kupitishia muda. Nikaiacha. Nilikuwa fundi wa meno ya bandia, na nasema bila haya kwamba nilikuwa fundi hasa. Kuna watu mpaka leo wanatafuna nyama kwa kazi ya mikono yangu.

Kilichombakizia baba uhai ni vitabu. Kuna kundi lao la simu, wastaafu watano: yeye, mkunga mmoja, mpima ardhi, mwalimu wa hesabu, na mfamasia aliyekuwa na duka lake la dawa ambaye wote wanamwita Mwenyekiti. Kila wiki mbili wanachagua kitabu kimoja, hadithi au mashairi, na Jumapili asubuhi kila mmoja anatuma ujumbe wa sauti kueleza alivyokiona. Wenzake waliyaita maoni. Baba aliyaita hukumu. Alikuwa anaoga kwanza, anavaa shati la mikono mirefu, anakaa wima kwenye kiti chake, mimi namshikia simu na kubonyeza kitufe kwa kidole gumba, maana ukiachia tu ujumbe umekwenda. Basi anazungumza dakika kumi nzima bila kukohoa. Siku hiyo baba alikuwa mtu. Siku nyingine zote alikuwa mzee wa kushikwa mkono kwenda msalani.

Nilimsomea mara mbili kwa siku, baada ya chakula cha mchana na saa kumi na moja jioni. Sebule yetu ni ndogo, viti viwili vinatazamana, magoti yetu karibu yagusane. Dirisha linatazamana na ukuta wa jirani, hatua mbili tu, na ukuta huo una ufa ulioanzia juu ukakata kona kuelekea bomba la maji. Kwa miaka mitano hiyo ndiyo ilikuwa mandhari yangu. Nikiinua macho kutoka kitabuni naona ufa, nikiyashusha naona magoti ya baba.

Miaka ya mwanzo nilisoma kwa uaminifu, kwa sababu walikuwa wanarudia vitabu vya zamani ambavyo baba alivijua karibu kwa moyo. Ukiruka mstari anakurudisha. Mwaka huu Mwenyekiti akasema wamekuwa kama ng'ombe wanaocheua, sasa wasome vipya. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kitabu kipya cha kwanza kilikuwa riwaya ya mkuu wa stesheni aliyestaafu. Imeandikwa vizuri, sitaki kuwa mwongo kwa hilo pia. Yule mzee anakaa chumba cha kupanga, anasubiri mtoto wake wa kiume aje, na kila sura mtoto anatoa udhuru mpya. Tulipofika kurasa kumi za mwisho niliona kinachokuja. Mzee anakufa peke yake, anagundulika siku ya tatu na mwenye nyumba aliyefuata taa iliyokuwa inawaka mchana. Nikamtazama baba. Alikuwa kaweka mikono magotini, shingo kainyoosha, anasubiri yule mtoto afike. Kaka yangu alikuwa na miezi kumi na mmoja hajakanyaga kwetu. Mdomo ukanigoma. Nikafumbua kinywa na nikamleta yule mtoto. Nikamshusha kwenye gari moshi, nikampa mfuko wa machungwa, nikamfanya apige hodi. Sijui maneno yalitoka wapi, yalitoka tu. Baba akasema kwamba huyu mwandishi ni mtu mzima, anajua kusamehe.

Jumapili akatoa hukumu yake, na sehemu kubwa ilihusu mfuko wa machungwa.

Ningekoma hapo, ningekuwa nimefanya wema mmoja mdogo wa kijinga. Lakini kusema kweli nilisikia raha. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi nilikuwa nimefanya kitu kwa kichwa changu. Kitabu kilichofuata kilikuwa cha upelelezi, kurasa mia nne na themanini, na katika hizo mia moja ni inspekta anakunywa pombe na kumkumbuka mkewe. Mimi ulevi wa inspekta haunihusu ndewe wala sikio. Nikazikata zote. Mwishoni nikaona muuaji aliyewekwa na mwandishi hana hata mvuto, mtu ambaye amepita ukurasa wa ishirini akiuza mayai, nikamtoa nikaweka mfamasia wa humo humo kitabuni, kwa sababu tangu mwanzo alikuwa ananikera kwa maringo yake. Baba akafurahi sana. Akasema alimshuku tangu sura ya pili. Na kwenye hukumu yake akaeleza kwa kirefu jinsi mwandishi alivyowajua wauza dawa, watu wa kupima kila kitu isipokuwa roho zao.

Sasa kumbuka Mwenyekiti alikuwa mfamasia. Mzee wa watu alidhani anasemwa. Baadaye nilijua kwamba alikirudia kile kitabu chote, kurasa mia nne na themanini, akimtafuta mfamasia muuaji, na hakumwona.

Vitabu kadhaa vilivyofuata nilivichezea vivyo hivyo. Halafu yakaja mashairi. Kitabu cha kijana mmoja, chembamba, kurasa sabini, na ndani hakuna kina hata cha dawa. Kuna mistari yenye neno moja. Mingine haina hata hilo, ina nukta. Baba kwa upande wake ni mtu wa vina na mizani. Kwake shairi lisilo na vina ni barua iliyokatwakatwa kwa mkasi. Nilijua patachimbika, lakini nikasoma shairi la kwanza kama lilivyo. Baba akainua mkono. Hakumlaumu kijana, alinilaumu mimi. Akasema naruka maneno, nina haraka ya kwenda jikoni, nirudie na nisome vizuri. Nikarudia. Akasema bado naruka. Mara ya tatu alikunja uso, akaniuliza hivi nimechoka naye kiasi hicho, hata shairi moja namsomea nusunusu?

Damu ilinichemka. Ningeweza kumwambia, baba, ndivyo lilivyo. Nikasema moyoni, unataka maneno, haya nitakupa maneno. Nikaanza kuyajaza pale pale, silabi nane huku na nane huku, nikihesabu kwa vidole vilivyofichwa chini ya jalada. Kuziba mapengo ndiyo kazi niliyosomea. Shairi la kwanza lilikuwa bovu, la pili likatembea, na lilipofika la ishirini na moja, ambalo kwenye kitabu lina maneno matano tu, «Mlango upo wazi. Nipo. Basi», nilisahau kwamba baba yupo. Nilikuwa naangalia ufa wa jirani na maneno yakaja bila kuyahesabu:

Mlango haufungiki, wala mimi sijatoka,
Si kwamba mimi sitaki, ni miguu imechoka,
Nina ndugu na rafiki, wapitao wakicheka,
Nami nje sitazamiki, ndani ninahesabika.

Baba akasema, lirudie. Nikalirudia. Akalishika kwa mara mbili tu, ubeti mzima, na kuanzia siku hiyo alikuwa akilisema asubuhi wakati ananawa uso. Jumapili akalitolea hukumu ya robo saa. Alisema kijana huyu ana mizani ya watu wa zamani na maumivu ya watu wa leo, na kwamba ameandika juu ya kifungo kisicho na hakimu. Nilikuwa nimeshika simu, kidole gumba kimekufa ganzi, machozi yananitoka. Hakuna mtu aliyewahi kunisifu hivyo, na anayenisifu hajui kwamba ananisifu mimi.

Kwa nini wenzake hawakusema? Walisema, kidogo, kwa adabu. Mkunga alituma ujumbe akauliza hilo shairi liko ukurasa gani. Mpima ardhi akasema labda baba amepata chapa nyingine ya kile kitabu. Lakini nani anamfungulia baba ujumbe? Ni mimi. Jumbe zao nilizisikiliza jikoni nimeweka simu sikioni, zinazofaa nikamfungulia, zisizofaa nikazifuta. Na wao walipoona hajibu, wakazidi kumhurumia. Nani atamwambia mzee kipofu usoni kwamba anaota? Wakamwambia kaka yangu.

Hapa lazima nieleze habari ya simu nyingine niliyopigiwa, maana bila hiyo nitaonekana mwehu tu na si mtu mbaya. Wiki tatu kabla ya hapo bosi wangu wa zamani alinipigia. Anafungua karakana ya meno mji mwingine, mafundi wanne, anataka mimi niwe mkuu wao. Alisema ameona mafundi wengi na hakuna anayelijua jino la mbele kama mimi. Nafasi atanishikia mpaka Jumatatu, tarehe moja. Nisipofika atampa mtu mwingine na hatanilaumu. Nilimwambia nitafikiria. Nifikirie nini? Nina miaka arobaini na miwili, hiyo ni simu ya mwisho ya aina hiyo nitakayopigiwa, na mimi na yeye tulilijua hilo. Usiku huo nilitoa visu vyangu vya nta, vile vya kuchongea meno, kwenye droo nikavifuta kimoja kimoja, nikavirudisha.

Baba asingeenda kwa kaka. Tulipomaliza msiba wa mama alituita wote wawili akasema siku akili ikimruka tumbebe tumpeleke popote, hatakuwa na neno. Lakini maadamu anayo, hatoki kwenye nyumba yake. Na akili alikuwa nayo, nzima, mimi ndiye shahidi.

Alhamisi ya mwisho kabla ya hiyo Jumatatu, kaka akanipigia. Sauti ilikuwa nzito. Akasema wenzake baba wamemweleza kwa uchungu mkubwa kwamba mzee anazungumzia mambo yasiyomo vitabuni, miezi sasa, watu wasiokuwepo, mashairi yasiyokuwepo. Akasema atakuja na Mwenyekiti Jumamosi wazungumze naye taratibu, na kama ni kweli atamchukua Jumapili kwa basi la alasiri, wifi yangu ameshaandaa chumba. Akasema, mdogo wangu, umebeba mzigo huu peke yako na hukutuambia, sasa upumzike.

Nilikuwa nimesimama kando ya jiko, sufuria inachemka. Nilielewa kila kitu kwa mara moja. Na sitaficha kilichonijia kwanza. Haikuwa aibu. Ilikuwa furaha, kubwa, imenijaa mpaka kwenye masikio. Aibu ilikuja baadaye, wakati naepua sufuria, na ilikuta furaha imeshakaa. Nikamwambia kaka, sawa, njooni.

Jumamosi saa nne walifika. Mwenyekiti ni mzee mwembamba anayevaa koti hata kukiwa na joto. Nilimwamkia, akaniitikia bila kunitazama, mtu aliyekuja kutoa habari ya msiba. Kaka akamkumbatia baba muda mrefu. Baba akacheka, akauliza kuna nini, mbona leo anashikwashikwa kama tikiti maji sokoni.

Walianza mbali. Mwenyekiti akauliza habari za kitabu cha mkuu wa stesheni. Baba akaeleza mfuko wa machungwa. Akauliza kile cha upelelezi. Baba akamtania, akasema ajue hakumlenga yeye. Mwenyekiti hakucheka. Akatoa bahasha, ndani yake kile kitabu chembamba cha mashairi, akamwomba baba amkumbushe lile shairi la mlango. Baba akanyoosha shingo akalisema lote, hajakosea hata silabi. Nilimwona kaka anajifuta macho.

«Rafiki yangu,» Mwenyekiti akasema, «nimekisoma kitabu hiki mara tatu. Shairi hilo halimo.»

Baba akasema basi ana chapa mbovu. Mwenyekiti akasema chapa ni moja. Baba akasema basi hakusoma vizuri, akaanza kukasirika, vidole vikipapasa mkono wa kiti. Kisha akatulia ghafla, akatabasamu, mtu aliyekumbuka kwamba ana shahidi.

«Mnabishana na kipofu bure,» akasema. «Aliyenisomea si huyu hapa? Mwanangu, waambie. Lile shairi limo, au halimo?»

Wote watatu wakanielekea. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya vikombe. Nilikuwa nimejiandaa kunyamaza, nilijiambia kunyamaza si kusema uongo, nitanyamaza tu mambo yajiendee yenyewe. Sikujiandaa kuulizwa.

«Halimo, baba,» nikasema.

Na hilo lilikuwa kweli. Katika miezi yote ile ndilo neno la kwanza la kweli nililomwambia kuhusu kitabu, na lilimwangusha. Tabasamu lilibaki usoni kwake kidogo, halikujua pa kwenda. Akauliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Akauliza na yule mtoto wa machungwa? Nikasema hayumo. Akauliza mfamasia? Siye muuaji, baba. Hakugombana na mimi hata kidogo. Miaka yake mahakamani aliona mashahidi wa kila aina, na mimi aliniweka kwenye wale wasiodanganya.

«Basi,» akasema. «Kama yeye anasema havimo, havimo. Ni mimi.» Akageukia upande wa kaka. «Basi ni saa ngapi kesho?»

Kaka alilia hadharani. Mwenyekiti akatoka nje kuvuta pumzi. Mimi nikaweka sinia mezani na kumimina chai vikombe vinne, sikumwaga hata tone. Kisha nikaingia chumbani kwangu na kumtumia bosi ujumbe kwamba Jumatatu nitakuwepo. Alijibu palepale, na nikakata tiketi ya basi la saa moja jioni.

Kaka akalala kwa Mwenyekiti. Jumapili asubuhi niliamka mapema nikakunja nguo za baba, mashati sita, suruali nne, koti la msiba. Visu vyangu vya nta nilishavifunga kwenye kitambaa. Nilikuwa napita chumba hadi chumba upesiupesi, sitaki kukaa chini. Baba akaniita. Alikuwa ameshaoga. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu na kukaa wima kwenye kiti chake.

Nikamwambia leo hakuna kitabu, baba, pumzika. Akasema anajua, lakini ana deni la maneno kwa wenzake, hataki kuondoka bila kulimaliza. Nikaleta simu. Nikabonyeza.

Alianza na kitabu cha mkuu wa stesheni. Akasema ndugu zangu, mwezi wa pili nilitoa hukumu kwamba mtoto alirudi, naifuta. Hakurudi. Kichwa changu ndicho kilichomrudisha, labda kwa sababu za kwangu mwenyewe. Akaja kwa cha upelelezi, akamwomba radhi Mwenyekiti kwa kumsingizia mtu wa kazi yake. Alizifuta moja baada ya nyingine kwa mpangilio, na sauti ile ile ya karani, safi, bila kutetemeka. Kidole changu kilikuwa kimeganda. Nikawa najiambia ni dakika chache, vumilia, saa moja jioni uko ndani ya basi.

Kisha akafika kwenye shairi.

«Hili ndilo linanitisha,» akasema. «Mengine naweza kusema nilisikia vibaya. Hili sikulisikia kwa mtu, kwa hiyo nimelitunga mimi, na mimi sijawahi kutunga shairi maishani. Bado ninalo hapa. Najaribu kulisahau linakuja. Ndugu zangu, sasa naogopa kichwa changu.»

Akatikisa mkono kunionyesha kwamba amemaliza, niachie.

Sikuachia. Nilivuta simu nikaiweka karibu na mdomo wangu.

«Wazee wangu, shikamooni,» nikasema. «Ni mimi, binti yake. Baba akili yake ni nzima kuliko yangu. Vitabu vyote tisa nilimsomea uongo. Yule mtoto nilimleta mimi. Mfamasia hakuua mtu. Shairi la mlango ni langu, nililitunga hapa hapa tulipokaa, na ujumbe wenu wa kuuliza niliufuta. Jana niliulizwa nikajibu vile kwa makusudi, kwa sababu kuna kazi naitaka inaanza kesho, na baba akibaki siwezi kwenda. Ndiyo hivyo.»

Nikaachia. Ujumbe ukaenda.

Nilisubiri anipige. Hakuwahi kunipiga, lakini nilisubiri. Alikaa na mikono magotini, uso kauelekeza dirishani. Kisha midomo ikaanza kucheza, na nikasikia analisema lile shairi tena, chinichini, polepole, si kwa kunisomea. Mlango haufungiki, wala mimi sijatoka. Alipofika «si kwamba mimi sitaki» akasimama. Hakuendelea.

«Nimelisifu wiki sita,» akasema, «na sikujua linanisema mimi.»

Nikasema halikusemi, baba. Akainua kiganja. Akasema nisianze tena.

Simu ikaita. Alikuwa kaka, wameshausikia ule ujumbe, anafoka mpaka maneno hayaeleweki. Baba akanyoosha mkono nikampa. Akamsikiliza, kisha akamwambia kwa utulivu kwamba akili anayo, imethibitika, na alichokisema siku ya msiba wa mama hakijabadilika. Hatoki. Asisumbuke kuja na begi, aje kula tu. Akanirudishia simu. Alikuwa amerudi kuwa baba, mabega yamepanda, na niliona wazi kabisa jinsi usiku mmoja wa kujiona mwendawazimu ulivyomzeesha.

Nilibaki nimekaa mbele yake. Nguo zake zilikuwa zimekunjwa kitandani kwake, zangu zilikuwa kwenye begi nyuma ya mlango wangu. Nilikuwa nasubiri neno moja tu. Aseme nenda. Kama angesema nenda, hata kwa hasira, hata kwa matusi, ningeondoka. Kundi lote lingemsomea kwa zamu, kaka angetafuta mtu wa kumpikia, watu hawafi kwa hilo.

«Basi lako ni saa ngapi?» akauliza.

«Saa moja.»

Akatikisa kichwa taratibu, kwa kuelewa. Akafungua mdomo, akaufunga. Mkono wake ukatafuta hewani mpaka ukagusa goti langu, ukakaa hapo, na nikaona hofu usoni kwake, ile ile ya jana aliposema ni mimi.

«Utaniacha?»

Nilimtafutia jibu la katikati. Mimi niliyemshusha mtu kwenye gari moshi na mfuko wa machungwa, niliyebadilisha muuaji kwa sababu tu amenikera, nilitafuta namna ya kusema nitakwenda lakini nitarudi kila mwezi, nitakupigia kila jioni, utakuwa salama, na kila sentensi niliyoishika ilikuwa inasikika kama udhuru wa yule mtoto wa mkuu wa stesheni.

«Hapana, baba,» nikasema. «Siendi popote.»

Hakuniuliza mara ya pili, wala hakuniambia niape. Alishusha pumzi akaniamini palepale, mimi niliyemdanganya vitabu tisa, na kwa kuwa aliniamini, nikajua kwamba Jumatatu sitakwenda.